Wenyeji wa Miji ya Ulaya Hutembea Wapi?

Inapotajwa miji ya Ulaya mbele ya watu wetu, aghlabu hutokea makundi mawili ya wasemaji. Kundi la kwanza husifu minara, makasri na maduka yaliyojaa taa, kama kwamba watu wa huko hawana kazi ila kuyatazama majumba yao. Kundi la pili hulaumu, likaona kuwa huko hapana ila baridi, upweke na maasi. Na makundi yote mawili hupata khabari zao pahala pamoja, nazo ni picha zinazopelekwa kwa simu. Ni wachache mno wanaouliza swali jepesi la mtu anayetaka kweli kuujua mji: Je, wenyeji wa pale, wakimaliza kazi zao, hutembea wapi?

Swali hili si la upuuzi. Mtu akitaka kuijua Mombasa hatatosheka na kuiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hana budi aende jioni ufukoni Mama Ngina, aone jamaa wamekaa na watoto wao wakila mihogo, huku meli zikiingia bandarini. Na anayetaka kuijua Unguja na aende Forodhani baada ya sala ya Maghrib. Pale ndipo watu wa mji hukutana bila ya kualikana, mkubwa na mdogo, tajiri na fakiri. Nasi twataka kuwaeleza wasomaji wetu kwamba na miji ya Ulaya nayo ni vivyo hivyo, na kwamba jambo hili lina faida kubwa kwa Waislamu wanaoishi huko na kwa wazee wao walioko huku.

Safari za watu wa pwani kwenda Ulaya si jambo geni. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alizuru London mwaka 1875, akapokewa kwa heshima. Ama safari yetu sisi haikuwa ya kifalme. Mwezi wa Julai, mwaka 2023, wanafunzi wetu wa zamani, waliosoma chuoni kwetu wakiwa watoto na leo wametawanyika katika miji ya watu, walichangishana nauli wakatutaka tuende kuwaona. Tukenda London, kisha Vienna, kisha Sarajevo. Na kila tulipofika, tuliwauliza wenyeji wetu swali lile lile.

Tulikuwa pia na amana. Siku mbili kabla ya kuondoka, bibi mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu, ambaye mwanawe yuko London kwa miaka kumi na tisa, alitujia nyumbani. Hakuleta barua wala zawadi ya kupeleka. Alisema, "Maalim, nitazamie mwanangu. Kila siku kwa simu huniambia yu mzima, alhamdulillahi. Uzima nimeusikia. Mimi nataka kujua kama ana raha." Tukampa ahadi kwamba tutamtazamia, na tutamletea jawabu la kweli.

Mwanawe huyo ni dereva wa basi, naye hufanya kazi ya usiku. Alitupokea kwa mapenzi makubwa, akatushika mkono na kuubusu kama alivyokuwa akifanya chuoni. Siku ya pili alitupeleka kuona yale yanayoonwa na kila mgeni: ngome ya zamani kando ya mto Thames, na ile saa kubwa ya Bunge inayojulikana kwa jina la kengele yake, Big Ben. Kisha tukasali Adhuhuri katika msikiti mkubwa ulio ukingoni mwa Regent's Park, wenye kuba la rangi ya dhahabu, ambao ardhi yake ilitolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1944, na jengo lake likamalizika mwaka 1977. Tuliporudi tukamwuliza, "Basi nyinyi wenyewe mnaokaa hapa hutembea wapi?" Akacheka, akasema, "Maalim, sisi hatutembei. Sisi hufanya kazi. Njia zangu ni tatu: nyumbani, kazini na msikitini."

Binti yake mwenye umri wa miaka kumi na minne alikuwa akisikiliza. Akasema, "Babu Maalim, huko mlikokwenda ni kwa wageni. Kesho twendeni nikuonyeshe kwetu." Tulimwona baba yake akiinua uso kwa neno lile, "kwetu". Kwa maana yeye, katika miaka yote ile, neno hilo hulitumia kwa mji mmoja tu, nao uko katika Bahari ya Hindi.

Kesho yake alasiri binti akatuongoza mpaka Hampstead Heath, kaskazini ya mji. Ni uwanda mkubwa wa majani, miti na maziwa, zaidi ya ekari 700, ndani ya London yenyewe. Hakuna mlango wa kulipia. Wenyeji huja na vitabu, na vikapu vya chakula, na watoto, na mbwa. Hao mbwa ndio waliotupa shughuli, kwani mwenyeji wetu alikuwa akituvuta mkono kila alipomwona mmoja akitusogelea, mpaka binti akamwambia baba yake kwamba Babu Maalim ana macho na miguu yake mwenyewe. Yako maziwa ambayo watu huogelea kwa malipo, na mojawapo limetengwa kwa wanawake tangu mwaka 1925. Tulipopanda kilima kiitwacho Parliament Hill, mji wote ulikuwa mbele yetu, na kuba la kanisa kuu la St Paul's laonekana kwa mbali, kwani ziko kanuni za ujenzi zinazozuia majumba marefu yasiifiche sura ile.

Tulitaka kujua vipi ardhi ya thamani kama ile imesalimika, katikati ya mji ambao hata chumba kimoja hukodishwa kwa fedha nyingi. Tukaambiwa khabari yake, nayo ina mafunzo. Bwana mwenye haki za ardhi ile, Sir Thomas Maryon Wilson, tangu mwaka 1829 alilitaka Bunge limpe idhini ya kujenga nyumba katika milki yake. Watu wakampinga. Akarejea tena, wakampinga tena, na mambo yakafika mpaka mahakamani. Mvutano ukaendelea mpaka alipokufa mwaka 1869, na baadaye haki zile zikanunuliwa kwa ajili ya umma, sheria ikapitishwa mwaka 1871 kwamba uwanda ule ubaki wazi. Basi watoto wanaocheza pale leo hawakupewa na mfalme. Walipewa na watu wa kawaida waliokataa kunyamaza kwa miaka arubaini.

Tulipokuwa tumekaa, bibi mmoja wa Kiingereza, mzee sana, alipita na fimbo yake. Akasimama, akamsalimu binti kwa jina lake, akamwuliza khabari za mtihani wake, akatuamkia sisi kwa adabu, akenda zake. Baba akamwuliza binti, "Huyu nani?" Akajibu, "Ni bibi wa benchi lile. Hukaa pale kila siku. Mumewe amekufa mwaka jana." Baba akanyamaza kitambo. Kisha akasema nasi kwa sauti ya chini, "Maalim, miaka kumi na tisa napita chini ya kilima hiki na basi langu, na sijapanda hata siku moja. Kila mwaka najiambia mwakani nitarudi kwetu, basi nina haja gani ya kuzoea? Nimekaa kama mtu aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Na huyu mwanangu keshaingia ndani peke yake."

Hatukumjibu kwa haraka, kwani neno lile lilikuwa zito, na jawabu la haraka ni la mtu asiyesikiliza. Jua la Julai huko huchelewa. Lilituchwea kiasi cha saa tatu na robo usiku. Tukageuka kusini-mashariki, upande wa kibla, tukasali Maghrib juu ya majani, sisi, yeye, na binti nyuma yetu. Watu walipita kwa utulivu. Kisha tukashuka.

Kutoka London tulikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, ambako mwanafunzi wetu mwingine anafanya kazi hospitalini. Mkewe ni Mbosnia, mzaliwa wa Sarajevo. Wao tulipowauliza swali letu hawakufikiri. Wote wawili walijibu kwa neno moja: "Kisiwani." Wageni katika mji ule huenda katika kasri la Schönbrunn, lililokuwa la wafalme. Wenyeji nao wana matembezi yao, kama Prater, ambayo zamani ilikuwa mawindo ya wafalme mpaka Joseph II alipoifungulia raia wote mwaka 1766. Lakini jioni ya joto, watu wengi hukimbilia Kisiwani.

Kisiwa hicho hakikuumbwa na mto. Kimefanywa na watu. Mji wa Vienna ulikuwa ukiteswa na mafuriko ya mto Danube, na baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1954 wakuu wa mji walitafuta dawa ya kudumu. Wakachimba mkondo wa pili kando ya ule wa kwanza, ili maji yakizidi yapate njia ya kupita. Kazi ilianza mwaka 1972, ikamalizika mwaka 1988. Mchanga na udongo uliotoka katika uchimbaji haukutupwa. Ulilundikwa kati ya mikondo miwili, ukawa kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 21. Wakapanda miti, wakatengeneza njia za miguu na za baiskeli. Hivi ndivyo kilichojengwa kwa kuogopa balaa kilivyogeuka kuwa pahala pa furaha, na hapana anayelipa kuingia.

Tuliona pale jamaa za Kituruki, za Kibosnia, za Kiarabu na za Kiaustria, kila moja na moto wake wa kuchoma nyama katika pahala palipotengwa, moshi wao ukichanganyika juu wala usiulizane dini. Karibu na hapo, ng'ambo ya mkondo mpya, unasimama msikiti wenye mnara, uliofunguliwa mwaka 1979. Na Austria iliitambua dini ya Kiislamu kwa sheria tangu mwaka 1912, kwa sababu Bosnia na watu wake ilikuwa imetiwa katika milki yake mwaka 1908. Basi Muislamu anayekaa Vienna hakai katika nchi isiyolijua jina lake.

Haitupasi kuficha kwamba ziko sehemu za kisiwa kile ambazo watu huvua nguo zao kuota jua, na mwenye haya hapiti huko. Mwanafunzi wetu alitueleza kuwa wao wanazijua sehemu hizo na kuziepuka, wakakaa penye jamaa na watoto. Wako wasemao kwamba kwa sababu ya mambo kama hayo ni bora Muislamu afunge mlango wake. Nasi twawakumbusha Hadithi mashuhuri ya haki za njia. Mtume wetu (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba wasikae njiani. Wakamwambia kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapokaa kuzungumza. Hakuwafungia majumbani. Aliwaambia kwamba ikiwa hapana budi, basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi mwenye adabu hii ana ruhusa ya kukaa penye watu, na huenda kukaa kwake kukawa ni mafunzo kwa wengine.

Jambo jingine tulilolipenda Vienna ni maji. Katika viwanja na bustani iko mifereji ya kunywa, bure, na maji yake hutoka milimani mbali kabisa, yakateremka kwa mwelekeo wa ardhi yenyewe bila ya kusukumwa kwa mashine, katika bomba lililofunguliwa mwaka 1873. Mwenyeji wetu alipotuona tunayasifu, mkewe akatabasamu akasema kwamba kwao maji ya njiani ni sadaka ya zamani zaidi. Wiki ile ile wakatuchukua kwa wazee wake, Sarajevo.

Huko tulishangaa, kwani tulifika Ulaya tukasikia maneno yetu. Baba mkwe, mzee wa miaka sabini na zaidi, alitupokea kwa "Salaam alaykum", na baada ya hapo bintiye akawa mfasiri. Lakini mara kwa mara neno lilipita bila ya kuhitaji mfasiri. Dua wao huiita dova. Wakfu ni vakuf. Msafiri ni musafir. Saa ni sahat. Na mtu aliyetulia moyo wake wao husema yu rahat, neno ambalo asili yake na ya raha yetu ni moja. Tuliposikia neno hilo tukamkumbuka yule bibi aliyetutuma.

Wageni wanaokwenda Sarajevo hukimbilia lile daraja ambalo karibu yake aliuawa mrithi wa ufalme wa Austria, tarehe 28 Juni 1914, na vita vikuu vikafuata. Mzee wetu alipita hapo bila ya kugeuka. Alitupeleka kwanza penye msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karibu mwaka 1531. Huyu alikuwa liwali wa Bosnia, naye aliweka wakfu mkubwa: msikiti, madrasa iliyoanzishwa mwaka 1537 na ingali yasomesha mpaka leo, maktaba, soko, hamamu, na nyumba ya wasafiri. Uani mwa msikiti liko birika la maji, wenyeji hukaa kando yake, hunywa na kuzungumza. Mtu aliyekufa mwaka 1541 angali akiwanywesha watu.

Kando ya msikiti upo mnara wa saa. Tukatazama saa yetu ya mkononi, tukatazama ya mnara, hazikulingana. Mzee akacheka, akatueleza kwamba saa ile huhesabu kwa jua: linapokuchwa jua, mishale husimama kwenye kumi na mbili. Tukamwambia, "Hivyo ndivyo sisi Waswahili tusemavyo! Jua likichwa ni saa kumi na mbili." Hakuamini mpaka bintiye alipomhakikishia kwamba mumewe naye husema hivyo, na kwamba katika mwaka wa kwanza wa ndoa yao alikosa miadi mara mbili kwa ajili hiyo. Ila kwetu, kwa kuwa tu karibu na mstari wa ikweta, jua huchwa karibu wakati mmoja mwaka mzima, saa zetu hazina taabu. Kule huchwa mapema sana wakati wa baridi na huchelewa wakati wa joto, na kwa hivyo yuko mtu ambaye kazi yake ni kupanda mnarani na kuirekebisha.

Jioni tulipanda ngome ndogo waiitayo Ngome ya Manjano, iliyo juu ya mji. Hapo ndipo wenyeji hupenda kwenda kulitazama jua likichwa, na katika Ramadhani hukusanyika na vyakula vyao, wakangojea mzinga unaopigwa kuwajulisha kwamba wakati wa kufuturu umefika. Chini yake kuna makaburi ya mashahidi, mawe meupe yaliyosimama safu kwa safu. Mzee alisoma Fatiha, nasi tukasoma pamoja naye. Kisha tukamwuliza swali letu: katika mji wake wote, pahala gani anapapenda zaidi? Akanyosha mkono kuelekea mlima mrefu ng'ambo ya bonde. "Trebević," akasema. "Kesho."

Mlima ule, kabla ya vita, ulikuwa matembezi ya watu wote wa mji. Tangu mwaka 1959 palikuwa na vyumba vidogo vinavyopanda kwa kamba za chuma, na watoto wakipelekwa huko siku za mapumziko. Kisha ukaja mwezi wa Aprili 1992. Mji ukazingirwa, na mazingiwa yale hayakwisha mpaka Februari 1996. Kutoka milimani, na Trebević ukiwamo, mizinga na bunduki zilielekezwa kwa watu waliokuwa wakitafuta mkate na maji. Maktaba ya taifa ilichomwa moto Agosti 1992. Jengo lake halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2014. Miti mingi ya bustani za mji ilikatwa kuwa kuni, kwani watu walikuwa wakifa kwa baridi. Na vita vilipokwisha, mlima uliokuwa wa furaha ulibaki umetegwa mabomu chini ya majani.

Kamba zile zilirudishwa tarehe 6 Aprili 2018. Mzee alitueleza kwamba watu wengi walifurika siku zile, lakini yeye hakwenda. Nduguye aliuawa kwa mzinga uliotoka upande ule. Kila alipoutazama mlima, aliona mahali pa bunduki. Mwaka mzima ukapita. Kisha mjukuu wake alikuja kutoka Vienna, akamwambia, "Babu, twende juu, marafiki zangu wote wamekwenda." Hakuweza kumweleza mtoto mdogo sababu ya kukataa. Wakapanda. Walipofika, mtoto akakimbia katika miti ya misonobari, na mzee akasimama akautazama mji wake kutoka pale waliposimama waliompiga.

Tulimwuliza alichokiona. Alikaa kitambo, kisha akasema, na bintiye akafasiri huku sauti ikimtetemeka, "Waliokuwa hapa walitaka tuuche mji wetu na tuuchukie mlima wetu. Mji hatukuuacha. Nikiuchukia mlima, basi nusu ya walilolitaka wamelipata." Tangu siku hiyo hupanda kila wiki, Mwenyezi Mungu akimpa afya. Hukaa penye benchi moja, akanywa kahawa aliyoichukua chupani, akarudi.

Usiku ule tulimpigia simu mwanafunzi wetu wa London tukamhadithia khabari ya mzee huyu. Hatukumwambia arudi kwao, wala hatukumwambia abaki. Hilo ni baina yake na Mola wake na jamaa zake. Tulimwambia hivi: mzee huyu alikuwa na sababu ya kuuogopa mlima wake, na akaupanda. Wewe kilima chako kina sababu gani? Riziki yako ya miaka kumi na tisa Mwenyezi Mungu ameiweka katika mji ule. Watoto wako wanazaliwa na kukua pale. Jirani yako bibi mzee amefiwa na mumewe, na mwanao amempa pole kabla yako. Kukaa kwa adabu penye watu hakumfanyi mtu asahau kwao. Ama kusimama mlangoni miaka kumi na tisa humfanya mtu asiwe na kwao popote, na wanawe wakamwona kuwa ni mgeni katika nyumba yao.

Tuliporejea nyumbani tulimwendea yule bibi, tukampa jawabu la kweli kama tulivyoahidi. Tulimwambia, "Mwanao yu mzima, ni mchamungu, na hana raha, lakini raha iko karibu naye, na mwanawe anajua njia." Alilia kidogo, akatushukuru kwa kutomdanganya. Baada ya majuma machache akatuita tuone simu yake. Mwanawe alikuwa amepanda kilima kile na binti yake asubuhi ya Jumapili, baada ya kazi ya usiku, na akampigia mamake kutoka huko juu ili aone. Bibi aliangalia mji wote wa London, akatazama miti na watu, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mbwa hao wote ni wa nani?" Tangu hapo imekuwa ada yao. Hatusemi kuwa mambo yake yote yametengenea, kwani ungali mwana anayetamani kwao na mama anayezeeka mbali naye. Lakini sasa mama anapajua pahala mwanawe anapokaa.

Enyi vijana wetu mnaoazimia kusafiri: mkifika miji ya watu, yaoneni majumba yao makubwa, hapana ubaya. Kisha mwulizeni mwenyeji mtu mzima, kwa heshima, yeye hutembea wapi jioni. Nendeni huko mkiwa na haki za njia mikononi mwenu. Mtaujua mji, nao mji utawajueni.

Nanyi wazee mlioko huku, mnapozungumza na wanenu kwa simu, msiulize kazi na fedha peke yake. Waulizeni wametembea wapi juma hili, na watoto wao wamecheza na nani. Huenda swali hilo likawafungulia mlango waliousimamia muda mrefu.

Na sote tuliobaki, tuangalie viwanja vyetu, fukwe zetu na wakfu za wazee wetu. Watu wa London walikataa miaka arubaini mpaka uwanda wao ukasalimika, na wakfu wa Gazi Husrev-beg umevuka karne na vita. Kiwanja cha wazi kikishajengwa ukuta, hakirudi kwa majuto. Anayejua hati ya wakfu iliyo karibu na kupotea, au kiwanja cha watoto kilichotiwa alama za mipaka usiku, na aseme leo wakati bado panasemeka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wanetu walioko mbali, awape raha katika nyumba zao na wema wa majirani zao, na atujaalie sisi na wao tuwe watu wa kuwaachia watakaokuja baadaye pahala pa kukaa. Amin.